Mbuzi Kumi na Wanne katika Fomu ya Siri

Kuna watu wanaojaza fomu ya serikali kama wanavyoitikia salamu njiani, mbio mbio, ilimradi imepita. Justus Munyao hakuwa wa kundi hilo. Mwezi wa pili wa mwaka 1966, mjini Garissa, aliikalia fomu ya kurasa sita siku mbili nzima, akaijaza kwa wino wa buluu, akaitia sahihi, akaifunga kwenye bahasha na kuikabidhi. Kisha akaenda kula ugali wake kwa raha zote, maskini, hajui kwamba amejichongea mwenyewe.

Huyu Munyao alikuwa karani wa ghala pale bomani, kwenye ofisi na nyumba za serikali zilizozungushiwa seng'enge si mbali na Mto Tana. Mkamba wa Kangundo, mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kuhesabu kitu mara tatu hata kama kitu chenyewe ni kimoja. Ufunguo wa ghala ulikuwa umening'inia kiunoni mwake miaka mitatu. Blanketi, sukari, mahema, mafuta ya taa, vyote vilipita mikononi mwake na hakikupotea hata kijiko. Kazi aliipenda. Mji pia aliupenda, tofauti na wenzake wa bara waliolalamikia joto tangu asubuhi hadi jioni. Alipenda matikiti ya kando ya mto, alipenda chai ya maziwa ya ngamia, alipenda jinsi watu wa pale wanavyojuliana hali kwa utaratibu, mifugo, watoto, mvua, kabla mtu hajafungua mdomo kutaja shida yake.

Kilichomkosesha raha kilikuwa kimoja tu. Mkewe Zilpah na watoto wao wawili hawakuwa naye.

Vita vya shifta, wale waasi wa kaskazini, vilikuwa vimepamba moto. Gari halikuthubutu kwenda popote peke yake, lilisubiri msafara wenye askari mbele na nyuma. Makarani wa bara walilala wanne wanne katika vyumba vya mabati, na mwenye akili timamu asingemleta mke humo. Juu ya hayo kulikuwa na Mzee Nthenge, baba yake Zilpah. Munyao alipopata uhamisho wa Garissa, mzee alimchukua binti yake na wajukuu akawarudisha kwake. Akasema watatoka siku mahari itakapolipwa kama watu wanavyolipa, maana mbuzi walikuwa bado wengi. Munyao alituma alichoweza kila mwezi, lakini karo, chakula na dawa vililamba karibu chote, na mbuzi wakabaki palepale. Kila mwaka alipokwenda likizo, Zilpah aliruhusiwa kuja kwake siku chache, kisha mzee akatuma mtu wa kumrudisha. Munyao alirudi Garissa na kuhesabu blanketi.

Basi ikatokea nafasi. Karani wa simu za siri alihamishwa. Huyo ndiye mtu aliyezifungua, kwa kitabu maalumu, zile simu zinazokuja zimeandikwa tarakimu tupu, akajua kabla ya wengine msafara utatoka lini na askari watapiga kambi wapi. Kwa kuwa angeweza kuitwa saa yoyote, alipewa nyumba ya mawe ndani ya seng'enge, vyumba viwili na mfereji wa maji mlangoni, pamoja na ruhusa ya kuleta familia. Mshahara nao ulipanda. Jioni tatu mfululizo Munyao alipita mbele ya nyumba ile akijitafutia sababu za kupita, akachagua hata dirisha ambalo Zilpah angewekea cherehani yake. Akaomba kazi.

Lakini kazi ya siri haitolewi kwa sura nzuri. Kwanza mtu anapekuliwa: ukoo wake, marafiki zake, ulevi wake, madeni yake. Swali la kumi na tisa katika ile fomu lilisema hivi: taja kila mtu anayekudai, na utaje anachokudai.

Wenzake wawili walioomba nafasi hiyohiyo walishaandika "hakuna" bila hata kuinua kalamu, na sote tunajua walikuwa wakikopa mchele na sigara mjini tangu mwaka uliotangulia. Munyao alifikiri. Dukani hakudaiwa, maana yeye alinunua kwa taslimu au hakununua kabisa. Akajiuliza, nani basi ananidai? Na palepale akaona haya kwamba ameuliza. Akaandika kwa herufi zilizonyooka: Mzee Nthenge wa Kangundo, baba wa mke wangu. Mbuzi kumi na wanne, fahali mmoja, mtungi mmoja wa asali.

Jamani, mahari! Kwenye fomu ya usalama wa nchi!

Alipowaeleza wenzake, kwa nia njema kabisa, akidhani nao wameandika za kwao, ofisi ilivunjika mbavu. Mmoja alishikilia meza asianguke. Mwingine akamwuliza kama ametaja pia deni la kuzaliwa analodaiwa na mamake. Walicheka siku tatu, na kila alipopita walimlilia kama mbuzi. Karani mkuu, mzee wa heshima zake, hakucheka mbele yake, ila alitoka nje kidogo na mabega yake yakaonekana dirishani yakitikisika. Munyao mwenyewe alicheka kidogo, kwa adabu, kwa sababu hakuona kosa liko wapi. Swali liliuliza, yeye akajibu.

Asiyecheka alikuwa Shurie, tarishi wa ofisi, Msomali mzaliwa wa Garissa, mtu mzima mwenye ndevu zilizotiwa hina. Alikuja kuchukua barua mezani, akasimama akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama kweli kuna mahali duniani ambapo mwanamume huficha deni la mke wake. Yeye, alisema, alioa kwa ngamia, na ngamia watatu bado anadaiwa. Kila akikutana na mkwewe wanaanzia kwa hao ngamia, na hapo ndipo wanapopata la kuzungumza.

"Walaalo," akamwambia Munyao, ndiyo kusema ndugu yangu, "mtu kama haidaiwi na baba ya bibi yake, hiyo mtu bibi yake ametoka wabi?"

Munyao alimshukuru. Wengine wakapata la kuchekea siku moja zaidi.

Kicheko kilikatika Inspekta Muriuki aliposhuka kwa ndege ndogo ya polisi kutoka Nairobi. Ndiye aliyetumwa kuwapekua waombaji. Mtu wa Meru, mfupi, mwenye uso wa mtu anayeumwa tumbo lakini ana kazi ya kumaliza. Alichukua chumba cha nyuma ya ofisi, akawaita mmoja mmoja. Wale wawili wa "hakuna" walitoka haraka wakiwa wamenywea. Ilikuwa imemchukua Inspekta asubuhi moja tu kuzunguka mjini akinunua sabuni duka hadi duka, na wenye maduka, wakidhani amekuja kuwasaidia wapate haki yao, walimfungulia madaftari yote. Kumbe hakuwa mtu wa kuchezea. Zamu ya Munyao ilipofika, fomu yake ilikuwa mezani, na kidole cha Inspekta kilikuwa juu ya swali la kumi na tisa.

Hakumkaripia. Alimweleza kwa upole kwa nini swali lile liliwekwa. Karani mmoja wa kituo fulani cha kaskazini alikuwa akidaiwa shilingi mia mbili tu na mfanyabiashara wa sukari. Siku moja yule mfanyabiashara akamwuliza msafara utaondoka lini, apate kupakia magunia yake, basi. Karani akaona haya kumkatalia mtu aliyemsubiri miezi minane, akamwambia. Yule naye akamwambia dereva wake, dereva akamwambia shemeji yake, na siku ya safari lori la mbele likakanyaga bomu lililofukiwa njiani. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekusudia ubaya, na vijana wanne hawakurudi makwao.

"Bwana Munyao, mimi siogopi deni," alisema. "Namwogopa aliyelishika deni. Siku akikuomba kitu, utaweza kumkatalia?"

Munyao alijibu kwamba mkwewe ni mkulima wa kahawa, hana haja na simu za serikali. Inspekta akasema hilo si juu yao kuamua. Deni limezidi mshahara wa miezi miwili, limeandikwa, limetiwa sahihi, na sheria inataka anayedai aulizwe kwa barua mambo matatu: anadai kiasi gani, yuko tayari kulifuta au la, na kama amewahi kulitumia deni hilo kumlazimisha mdaiwa jambo lolote. Akaongeza, na hapo sauti ikapungua, kwamba angeandika "hakuna" hapangekuwa na duka mjini la kumsuta, na mhuri ungepigwa siku hiyohiyo.

Munyao alitoka nje. Alikaa kwenye kivuli cha ghala akapiga hesabu, na kwa mara ya kwanza maishani hesabu ilimtisha. Nyumba ya mawe, Zilpah, watoto, vyote vimewekwa mikononi mwa mtu mmoja duniani mwenye kila sababu ya kusema hapana. Mzee Nthenge hakutaka binti yake aje kwenye nchi ya mabomu. Sasa serikali yenyewe ilikuwa inamwandikia barua kumwuliza. Alichohitaji kusema ni kwamba deni ni kubwa, halilipwi wala halifutwi, na mambo yamekwisha, Zilpah anabaki Kangundo. Na ubaya wake ni kwamba usingeweza hata kumlaumu, maana ni baba.

Saa ya chakula cha mchana karani mkuu alimfuata palepale kivulini, akatazama huku na huku, akamchomekea karatasi zilizokunjwa. Ilikuwa fomu mpya, tupu. Barua ya Kangundo haijaandikwa bado, alimnong'oneza, na Inspekta anaondoka kesho asubuhi. Jaza upya, useme ile ya kwanza ilimwagikiwa na wino, Inspekta mwenyewe atafumba macho, ukifika kumi na tisa uandike neno moja tu. Mzee wa watu alikuwa anamtakia mema, tena alikuwa anajihatarisha kwa ajili yake, na Munyao alilijua hilo.

Akaichukua. Usimwone mtakatifu. Aliingia chumbani, akaketi juu ya kitanda chake, akaweka sanduku la nguo magotini likawa meza, akaanza. Jina, kijiji, dini, shule. Mke: Zilpah binti Nthenge. Watoto: wawili. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kiwiko, lakini mkono ulikwenda vizuri mpaka swali la kumi na nane. La kumi na tisa akaandika herufi mbili za kwanza, akasimama.

Akarudisha macho juu, pale alipoandika jina la mkewe. Sasa huyu nimemwandika kwamba ni mke wangu, akajiambia, na hapa chini niandike kwamba hakuna mtu anayenidai. Nilimwokota? Nilimkuta amelala kando ya barabara ya Machakos? Hasira zikampanda, hasira ambazo hakuwa nazo wenzake walipomlilia kama mbuzi. Alizikasirikia zile karatasi, akamkasirikia Inspekta, na zaidi ya wote akajikasirikia mwenyewe kwa zile herufi mbili. Akairarua fomu vipande vipande, akavipeleka kwa karani mkuu, akamwambia asante sana, mzee, roho yangu imekataa. Karani mkuu alivitia vile vipande mfukoni. Kesho yake ndege iliondoka na barua.

Halafu ikaja mvua. Ikanyesha kana kwamba ilikuwa imezuiliwa mahali, Tana ikafura ikawa rangi ya chai, barabara ya Mwingi ikageuka tope, na malori ya msafara yakakwama njiani siku kumi. Posta haikuja. Munyao alihesabu wiki: nne, tano, sita. Nafasi ya simu za siri ilishikiliwa na ofisa aliyekuja kwa muda, ambaye alilala kwenye ile nyumba ya mawe na kuanika soksi zake kwenye dirisha la cherehani. Hilo lilimchoma Munyao kuliko ilivyostahili.

Hata hivyo siku hazikuwa mbaya zote. Mvua ilileta majani, majani yakaleta maziwa, na Shurie akawa anamletea chupa ya chai kila saa nne, wanakunywa wamekaa juu ya magunia wakitazama maji yakipita. Shurie hakumwuliza kuhusu barua. Alimsimulia habari za mkwewe, mzee mmoja mkaidi wa Hulugho, jinsi alivyokataa ngamia mzuri kwa sababu ya sikio, na wakacheka. Munyao aligundua kwamba hajamsimulia mtu yeyote habari za Mzee Nthenge kwa miaka mitatu, na kwamba kumbe alikuwa na hamu ya kusimulia. Akamweleza jinsi mzee anavyopiga chafya mara saba kila asubuhi, na wakwe wote huhesabu. Siku hiyo alilala vizuri.

Wiki ya saba Inspekta Muriuki akarudi. Alimwita Munyao chumba kilekile cha nyuma, akafunga mlango, akatoa barua kwenye jalada lakini akaishikilia.

"Kuna jambo halinipendezi," alisema. "Wewe umeandika mbuzi kumi na wanne. Mkweo ameandika kumi na mmoja. Nani mwongo?"

Munyao hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alieleza taratibu, kama anavyoeleza upungufu wa ghala. Mwaka wa ukame mkubwa alimpelekea mzee mbuzi sita kwa miguu. Watatu kati yao walikufa zizini kwa mzee ndani ya wiki moja. Mzee alisema basi, wamefia kwangu, ni hasara yangu, akawahesabu kama wamelipwa. Lakini aliyewapeleka ni yeye, na njiani aliona wazi kwamba wanakohoa. Mbuzi anayekohoa hajalipwa. Kwa hiyo mzee ana kumi na mmoja wake, na yeye ana kumi na wanne wake, wala hawajawahi kulizungumza.

Inspekta alitazama fomu, akatazama barua, akakuna kidevu. Halafu akaisukuma barua mezani na kumwambia aisome mwenyewe.

Munyao aliifungua, na macho yake yakakutana na mwandiko wa Zilpah. Ile "z" yake yenye mkia mrefu. Akavuta kiti, akaketi.

Barua ilisema hivi: "Kwa Bwana Inspekta. Mimi Nthenge sijui kuandika, anayeandika ni binti yangu, na nimemwagiza aandike kila neno, hata litakaloniaibisha. Swali la kwanza. Namdai mbuzi kumi na mmoja, fahali na asali. Swali la pili. Mmeniuliza kama nitamfutia. Sitamfutia hata kwato moja. Mkwe akimaliza kulipa, atanitembelea kwa shughuli gani? Swali la tatu. Mmeniuliza kama nimewahi kulitumia deni hili kumlazimisha jambo. Ndiyo. Nimelitumia."

Hapo Munyao aliishusha barua. Aliijua siku ambayo mzee alikuwa akiisema, na hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata Zilpah.

"Endelea," alisema Inspekta.

"Mwaka juzi alikuja likizo. Nilimwita pembeni nikamwambia kwamba mtu aliyeshika ufunguo wa ghala lililojaa blanketi hawezi kukosa mbuzi. Nikamwambia aniletee blanketi ishirini, nami nitampa mke wake na watoto, na mbuzi sitawataja tena. Hakunijibu vibaya. Alimaliza uji wake, akanishukuru, akaondoka peke yake. Mwezi uliofuata alinitumia pesa za nusu mbuzi. Nilisema vile kwa uchungu wa kukosa kulipwa, na sasa naona haya, lakini mmeuliza. Ikiwa mnaogopa kwamba anayemdai atamsukuma, mimi nilimsukuma kwa mke na watoto wake, na hakusogea. Sijui kama hao maadui zenu wana kitu kizito kuliko hicho. Mkimpa hiyo nyumba ya mawe, nijulisheni siku ya msafara. Mkewe na watoto nitawafikisha mwenyewe mpaka Thika unakoanzia."

Chini ya alama ya kidole gumba ya mzee kulikuwa na mistari miwili zaidi, mwandiko uleule ila umebanwa kwa haraka: "Mwandishi anaongeza la kwake. Mimi Zilpah pia namdai, miaka mitatu. Hilo hakuliandika kwenye fomu, wala mimi sifuti."

Munyao aliyasoma hayo mara tatu. Machozi yalimtoka na hakujaribu kuyaficha. Alikuwa na furaha, na ndani ya furaha ileile alikuwa na hofu, maana Zilpah alikuwa ameyaandika yote kwa mkono wake mwenyewe: kwamba siku moja aliwekewa bei ya blanketi ishirini, na mumewe akamwacha akaenda zake.

Inspekta Muriuki aliichukua barua, akairudisha kwenye jalada, akafungua kijisanduku cha wino na kupiga mhuri. Alipiga kwa nguvu hadi kalamu zikaruka. Kisha hakumruhusu Munyao aondoke. Alizungusha zungusha mhuri mkononi, akakohoa, akasema kwamba hata wao wapekuzi hujaza fomu hizo, kila baada ya miaka miwili, na ya kwake inakaribia. Akauliza, bila kumwangalia usoni, kama mtu akidaiwa mtamba mmoja na mizinga miwili ya nyuki na baba wa mke wake kule Meru, inaandikwaje vizuri.

Munyao alimwelekeza. Kila kitu na idadi yake, jina la anayedai, na kijiji chake.

Msafara uliingia Garissa mwishoni mwa mwezi wa sita, malori kumi na moja yakiwa meupe kwa vumbi. Makarani walewale walisimama langoni, safari hii bila kulia kama mbuzi. Shurie alikuwa amevaa koti lake la Idi. Munyao alikuwa ameshayapanga vizuri moyoni mwake maneno ya kumpokea mkewe, lakini alipomwona anashushwa kutoka lori la saba, amejifunga kitambaa usoni, mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi, maneno yote yalimpotea. Alichoweza kusema ni kwamba maji yapo mlangoni kabisa, si ya kwenda kuteka.

Zilpah alifungua kile kitambaa, akajipangusa vumbi, akamtazama mumewe kutoka kichwani hadi kwenye viatu. Hakutabasamu mara moja. Alimwambia kwamba baada ya kuandika ile barua alikaa siku tatu bila kumsemesha babake, na siku hizohizo tatu, lau Munyao angekuwepo, asingemsemesha yeye pia.

"Siku ya nne nikafikiria ungekuwa umezileta," akasema. "Hizo blanketi. Ningekufuata vipi, nikijua nikikupata umenipata kwa wizi, na kesho mtu mwingine akikutisha kwa kunitaja mimi, utampa na kingine? Ningekaa Kangundo mpaka nizeeke."

Munyao alitaka kujibu, lakini Zilpah alikuwa bado hajamaliza.

"Lakini usidhani kwa sababu hiyo hudaiwi."

"Nadaiwa," alisema Munyao, na sijui kama kuna mtu aliyewahi kulitamka neno hilo akiwa na uso uliokunjuka namna ile.

Zilpah akamkabidhi mtoto wa mgongoni, kwa kuanzia, akauliza nyumba iko upande gani.